Ukingo wa balkoni hupimwa kuanzia juu ya kiti

Toka kwenye balkoni yako uangalie ni vitu vingapi vinaweza kubeba mtoto wa miaka mitatu. Katika nyumba nyingi za ghorofa hapa Dar es Salaam orodha inafanana: kiti cha plastiki, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, madumu ya maji ya kujihami na mgao, beseni lililogeuzwa, stuli ya kufulia, mashine ya nje ya kiyoyozi, kreti la soda, mtungi wa gesi. Kila kimoja hapo mtoto anakipanda. Ukingo wenyewe unaweza kuwa umejengwa vizuri na bado akaupita, kwa sababu mjenzi aliupima kutoka sakafuni na mtoto anaanzia pale alipokanyaga.

Hesabu yake ni hii. Uingereza inataka ukingo wa balkoni usipungue sentimita 110. Tuseme na wako una kimo hicho. Kiti cha plastiki cha kawaida kina kimo cha sentimita 43 hadi 45 pale pa kukalia, kwa hiyo mtoto akipanda, ukingo unabaki sentimita 65. Mtoto wa miaka mitatu ana urefu wa takriban sentimita 95. Ukingo unamfika kifuani, na mikono yote miwili iko huru juu yake. Ukiwa na ukingo wa sentimita 90, juu ya kiti zinabaki 45, chini ya kitovu chake. Hapo hana haja ya kuparamia. Akiinama tu kumwangalia muuza askirimu, kichwa kinamaliza kazi: kichwa cha mtoto wa miaka miwili ni kama moja ya tano ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama moja ya saba au ya nane. Uzito wa mtoto umekaa juu, ndiyo maana anatangulia kichwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya usalama haigharimu hata shilingi: toa vitu. Vyote. Ushauri wa kuviweka mbali na ukingo haufanyi kazi kwenye balkoni yenye upana wa mita moja na kidogo, maana humo hakuna mbali. Na kiti cha plastiki ni chepesi, mtoto anayejua kutembea vizuri anakiburuta. Viti vikae ndani, mtu anayetaka kupunga upepo atoke na chake na arudi nacho. Kuvipachika kimoja juu ya kingine ni kuongeza kimo cha kupandia. Madumu yahamie jikoni au bafuni, vifuniko vimekazwa, maana ndoo ya maji iliyo wazi nayo inaua watoto wadogo. Kile kianikio cha nguo cha kukunja ni ngazi kamili yenye vidato vyake. Bora kamba iliyofungwa juu, ukutani hadi ukutani, ndani ya balkoni. Tabia ya kuanika kwenye kamba za nje huku mtu ameinamia ukingo ina ubaya wa pili: mtoto anatazama na kesho ataiga.

Mashine ya kiyoyozi ndiyo isiyohamishika kirahisi. Ikiwa imekaa sakafuni karibu na ukingo, hesabu ukingo kutoka juu ya mashine, halafu amua kama utaipandisha ukutani au utaongeza vyuma sehemu hiyo.

Ukishatoa vitu ndipo upime. Chukua tepu na kipande cha boksi ulichokikata sentimita 10 kwa 10. Pima kimo kutoka kwenye vigae vilivyopo leo, kwa sababu nyumba nyingi za zamani zimewekewa vigae vipya juu ya vya zamani, na hilo peke yake linaweza kula sentimita kadhaa za ukingo bila mtu kugundua. Kisha pitisha boksi kwenye kila nafasi: kati ya chuma na chuma, chini ya chuma cha mwisho, pembeni kwenye ukuta. Boksi likipita, nafasi ni kubwa mno. Watu wengi hupima kichwa cha mtoto wakaona hakipiti, wakaridhika. Lakini mtoto huingia kwa miguu kwanza. Kiwiliwili kinapita, kichwa kinakwama, anabaki ananing'inia kwa shingo. Nafasi ya sentimita 10 ndiyo inayozuia hata kiwiliwili. Kwenye vile vinguzo vya zege vyenye umbo la chupa, pima pale shingoni palipo pembamba, ndipo nafasi inapotanuka.

Halafu tafuta pa kukanyagia. Kanuni za ujenzi za Australia zina kipimo kizuri cha kuazima: kwa sakafu iliyo zaidi ya mita 4 kutoka chini, ukingo usiwe na kitu cha kupandia kati ya sentimita 15 na 76 kutoka sakafuni. Vyuma vya kulala, maua ya chuma, matofali ya matundu yale ya urembo, vyote vinaanguka kwenye mtihani huo. Ukingo wa vyuma vya kulala ni ngazi hata balkoni ikiwa tupu kabisa.

Mwisho, nguvu. Shika juu ya ukingo utikise kwa nguvu, kisha piga magoti uangalie chuma kinapoingia kwenye zege. Maji ya mvua hutuama pale, na kwa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, Upanga, Masaki, Msasani, Kigamboni, chumvi inaharakisha kutu. Choma pale kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, chuma kimeisha hata kama rangi ya juu inang'aa. Michirizi ya kahawia inayoteremka ukutani kwa nje ni dalili ileile. Ukaguzi huu ufanye kila mwaka kabla ya masika.

Mlango ndio ukuta wa kwanza

Wengi huanza na vyuma vya balkoni wakausahau mlango. Mtoto asiyeweza kufika balkoni hana ukingo wa kupanda. Tatizo la Dar ni joto: mlango unaachwa wazi tangu asubuhi, na umeme ukikatika usiku ndiyo kabisa. Ukihitaji hewa, weka mlango wa grili kwa ndani au nje ya ule wa kioo, wenye komeo juu kabisa, mita moja na nusu au zaidi kutoka sakafuni. Hewa inapita, mtoto hapiti.

Mlango wa alumini wa kusukuma una kitasa usawa wa kiuno cha mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili na nusu anakifungua. Ongeza komeo la juu. Hata fimbo iliyokatwa kwa kipimo na kulazwa kwenye reli ya chini inasaidia wakati unamsubiri fundi, lakini mtoto ataiona na siku moja ataitoa, kwa hiyo isichukuliwe kama suluhisho. Kengele ndogo ya sumaku inayotumia betri, ile inayolia mlango ukifunguka, ni nyongeza nzuri. Inakuambia mtoto ametoka. Kumzuia haimzuii.

Neno kuhusu wavu wa mbu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Fremu ya wavu kwenye dirisha la alumini imekaa kwenye mfereji wake kwa wepesi, ili itolewe na kuoshwa. Wavu wenyewe umebanwa kwa kamba ya mpira pembeni. Mtoto akiuegemea kwa mikono miwili, ama wavu unachomoka kwenye mpira au fremu nzima inatoka. Unazuia mbu, basi. Na kitanda au kochi lililosukumwa chini ya dirisha lisilo na grili linafanya kazi ileile ya kiti cha balkoni. Jiji la New York tangu 1976 linawalazimu wenye majengo ya kupangisha kuweka vizuizi vya madirisha kwenye nyumba anamoishi mtoto wa miaka 10 au chini, nafasi zisizidi inchi 4 na nusu. Hapa usingoje kulazimishwa.

Kuzungumza na fundi

Fundi wa kuchomelea atakuuliza nafasi kati ya chuma na chuma, na ukisema "za kawaida" atakuwekea inchi sita. Mtoto anapita. Mwambie: "Fundi, vyuma vyote wima, nafasi ndani kwa ndani inchi tatu na nusu, na sitaki ua lolote katikati." Kwa balkoni yenye mwanya wa mita 3 na skwea paipu za inchi moja, hiyo ni vipaipu 25, kila nafasi sentimita 9 na pointi. Kwa inchi sita vingetosha 16. Tofauti yote ya bei unayobishania ni vipaipu tisa na uchomeleaji wake.

Chuma cha kulala cha chini kiwe chini ya sentimita 10 kutoka sakafuni, ili mtoto asipenye kwa chini. Ukipandisha ukingo bila kufika darini, fika sentimita 150 na usiruhusu chuma cha kulala katikati. Mafundi hupenda kukiweka wakisema kinaongeza nguvu. Mwambie aongeze unene wa paipu badala yake, milimita 1.5 au zaidi. Grili ikienda hadi darini, chuma cha katikati hakina shida kubwa, kwani juu hakuna pa kuvukia.

Kufunga ndiko kunakoharibika mara nyingi. Bolti zinazotanuka ziingie kwenye zege lenyewe. Zikifungwa kwenye plasta au tofali lenye uwazi zinashika siku ya makabidhiano na kulegea baadaye. Tundu likitobolewa karibu mno na ncha ya zege, zege linapasuka. Acha sentimita 8 hadi 10. Kila sehemu iliyochomelewa isuguliwe kwa brashi ya waya, ipigwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya mwisho, na ncha za paipu zizibwe, maana paipu iliyo wazi juu inakusanya mvua na kuoza kutokea ndani. Kama unapanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Kama umenunua sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ongea na umoja wa wamiliki kabla ya kutoboa, kwani ukuta wa nje kwa kawaida ni mali ya wote.

Asiyeruhusiwa kutoboa, au anayepanga kwa muda mfupi, anaweza kufunga wavu wa nailoni ulio mahususi kwa balkoni, uliokazwa juu, chini na pande zote. Matundu yake yawe madogo kiasi cha kutoingiza kidole gumba cha mguu. Zile fensi za waya zenye matundu ya sentimita 5 ni ngazi nyingine. Jua la Dar linamaliza plastiki: vikamba vyeupe vya plastiki vya kufungia hukauka na kukatika vikikunjwa, vyeusi vinavyotengenezwa kwa matumizi ya nje hudumu zaidi. Vuta wavu kwa mkono kila mwezi. Nyuzi zikianza kutoa unga, badilisha. Turubai na neti za kivuli za bustani hazibebi mtoto.

Na tahadhari moja ambayo isirukwe: moto. Grili iliyofunga balkoni yote bila mlango ni mtego. Acha kidirisha cha dharura chenye bawaba, angalau sentimita 60 kwa 80, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake utundikwe ndani karibu na mlango, juu ambapo mtu mzima tu anafika, na kila mtu mzima wa nyumba ajue ulipo, dada wa kazi akiwemo. Nambari ya Zimamoto ni 114.

Saa zenyewe

Ukiwauliza watu wanaofuatilia mambo haya, watakutajia nyakati zilezile. Mtoto kalala, mama anashuka dukani "mara moja" kununua vocha au nyanya. Mtoto anaamka, nyumba kimya, anaenda kumtafuta pale alipozoea kumwona akipita, yaani balkoni. Baba anarudi jioni, anapiga honi getini, mtoto anakimbilia ukingoni kumpungia. Wageni wamejaa, sherehe ya ubatizo au maulidi, viti vyote vimetolewa nje, na kila mtu anaamini mwingine anamwangalia mtoto. Mwanasesere umeanguka chini na mtoto anataka kuona ulipoangukia. Nyumba mpya siku ya kuhamia, mlango wazi, maboksi kila mahali.

Dawa ya nyakati hizi ni kanuni chache zisizojadiliwa. Mtoto chini ya miaka mitano hatoki balkoni bila mtu mzima aliye umbali wa kunyoosha mkono, na mtu huyo hana simu mkononi. Hakuna kushuka dukani na kumwacha amelala. Shuka naye au mwite jirani. Baba apige simu akifika, aache honi. Wageni wakija, mlango wa balkoni unafungwa kabla kiti cha kwanza hakijaletwa. Na kamwe usimkalishe mtoto juu ya ukingo hata umemshika kiuno, hata kwa picha. Akijirusha nyuma ghafla, kama watoto wafanyavyo, mikono yako inabaki na fulana. Akizoea kukaa pale ukiwa umemshika, atakuja kupapanda mwenyewe.

Mwelekeze dada kwa kumwonyesha kwa vitendo, mtoto akiwepo: komeo hili, saa zote, hata ukienda kuchukua nguo dakika moja. Bibi akija kutoka kijijini ambako nyumba ni za chini, naye aelezwe kwa heshima siku ya kwanza. Hajazoea kuwa na wasiwasi na mlango.

Mtoto akianguka, hata kutoka ghorofa ya kwanza, hata akilia na kutembea, ni hospitali. Usimnyanyue kwa kumkunja wala kumtikisa. Akiwa anapumua, mwache alivyo, kichwa na shingo vishikiliwe visigeuke, na akilazimika kusogezwa, asogezwe akiwa amelala bapa juu ya ubao. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, au majimaji masikioni na puani ni dalili za ubongo kuumia, na hapo panahitajika hospitali yenye wataalamu wa upasuaji wa kichwa. Kwa Dar, Muhimbili na MOI, taasisi ya mifupa iliyo hapohapo Muhimbili, wanao.

Ukipanda meli

Familia zinazosafiri kwa meli za kitalii hukuta balkoni ileile, ila chini ni bahari. Sheria ya Marekani ya 2010 ya usalama wa meli za abiria inataka ukingo usipungue inchi 42, karibu sentimita 107, na meli nyingi kubwa zinatimiza. Balkoni ya chumba cha meli, hata hivyo, ni finyu, na humo tayari kuna viti viwili na meza ndogo, kila kimoja karibu na ukingo utake usitake. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua mabegi, mwombe mhudumu wa chumba aviondoe. Ni ombi la kawaida. Kama hawezi, viingize ndani.

Kagua mlango: meli nyingi zina lachi ya pili juu, na ni juu yako kuifunga kila mara. Mlango wa meli ni mzito, na upepo una nguvu. Mlango wa korido ukifunguliwa wakati ule wa balkoni uko wazi, hewa inapita kwa kasi na mlango mmoja unajibamiza. Vidole vya watoto huumia hapo. Fungua mmoja tu kwa wakati. Angalia pia kiambaza kinachotenganisha balkoni yako na ya jirani: nafasi ya chini na ya upande wa bahari, pima kwa boksi lako la sentimita 10. Ukingo wa kioo ni mzuri kuliko wa vyuma, kwa kuwa hauna pa kukanyagia na mtoto anaona bahari bila kupanda. Kochi la kulalia la mtoto likiwa limepangwa karibu na mlango wa balkoni, badilishaneni. Mtu mzima alale upande huo.

Kwa maoni yetu, familia yenye mtoto kati ya mwaka mmoja na mitano ichukue chumba cha ndani au chenye dirisha lisilofunguka. Ni rahisi kwa bei na unalala usingizi. Bahari utaiona ukiwa deki.

Lakini deki nayo ina yake, na hili linamhusu yeyote anayevuka kwenda Unguja. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 unaohusu kina cha upakiaji wa meli unaweka ukingo wa deki kuwa angalau mita 1, nafasi chini ya chuma cha mwisho isizidi sentimita 23, na kati ya vyuma vingine isizidi 38. Kifungu hicho kinahusu ulinzi wa mabaharia. Sentimita 38 ni mlango kwa mtoto wa miaka mitatu, na vyuma vimelala. Ukikuta ukingo wa namna hiyo, usitegemee umzuie: mshike kifundo cha mkono, maana kiganja kinateleza kwa jasho na maji ya chumvi, au mbebe kwa kanga mgongoni. Kiti cha ndani kilicho mbali na mlango wa deki ndicho cha familia. Na kabla boti haijang'oa nanga, muulize mhudumu makoti ya kuokolea ya watoto yako wapi na mvalishe wako moja uone kama linamkaa. La mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini.